Usemi wa Haraka na Usemi wa Pole



Kila mtu aliyesafiri kidogo katika nchi zisemazo Kiswahili amepata kusikia malalamiko ya namna mbili. Mtu wa bara ashukapo pwani husema, "Watu hawa humeza maneno, usemi wao ni kama mvua inyeshayo juu ya bati." Na mtu wa pwani apandapo bara husema, "Watu hawa hulivuta neno mpaka msikilizaji amesahau mwanzo wake." Tena mara nyingine malalamiko hayo hugeuka. Mtu wa bara humwona mwenyeji wa pwani kuwa mtu wa kukawia, kwa kuwa salamu zake haziishi. Naye mwenyeji wa pwani humwona mgeni wake kuwa mtu wa pupa, aingiaye katika shauri kabla hajauliza hali. Je, katika hao wawili ni yupi asemaye haraka? Na haraka hiyo yapimwaje?

Jambo hili si la mzaha tu. Barazani kwa hakimu, hospitalini na shuleni, watu wengi huhukumiwa kwa mwendo wa ndimi zao. Shahidi asemaye polepole hudhaniwa kuwa anatunga uongo. Asemaye mbio hudhaniwa kuwa amefundishwa la kusema. Mtoto aliyehamia shule ya mbali akichelewa kujibu, huitwa mzito wa akili, na kumbe akili yake ni nyepesi, ila sikio lake halijazoea matamshi ya mahali pale. Kwa hiyo ni vema tuujue ukweli wa mambo haya.

Jinsi usemi unavyopimwa

Mtu aweza kufikiri kuwa kazi ni rahisi: tuhesabu maneno yasemwayo katika dakika moja. Njia hiyo yafaa kidogo tukilinganisha watu wawili wa lugha moja, lakini tukilinganisha lugha na lugha itatudanganya. Neno letu "sitakuambia" ni neno moja, na Mwingereza hana budi kutumia maneno manne au matano kulieleza jambo hilo hilo. "Atakayekutafuta" ni neno moja pia, nalo lina silabi nane. Tukihesabu maneno, Mswahili ataonekana kobe na Mwingereza ataonekana sungura, na wote wawili wamemaliza habari yao kwa wakati mmoja.

Basi wataalamu huhesabu silabi, yaani vile vipande vya neno vitamkwavyo kila kimoja kwa pigo moja la sauti. Katika Kiswahili hesabu hiyo ni nyepesi, maana karibu kila silabi huishia kwa irabu. Ila tukumbuke kuwa m ya "mtoto" ni silabi peke yake, ndiyo sababu neno hilo lina silabi tatu. Chukua methali ijulikanayo na wote: "Haraka haraka haina baraka." Ina silabi kumi na mbili. Asemaye silabi sita kwa sekunde ataimaliza kwa sekunde mbili. Msomaji akitaka kujipima, na aandike habari yenye silabi 300, kisha aisome kwa sauti huku rafiki yake akitazama saa. Akiimaliza kwa dakika moja barabara, amesema silabi tano kwa kila sekunde.

Lakini hapa pana siri ambayo watu wengi hawaijui. Usemi wa mwanadamu una vitu viwili ndani yake: sauti na kimya. Mtu husema kidogo, hunyamaza kidogo kutafuta neno au kuvuta pumzi, kisha huendelea. Bibi mmoja mtaalamu, Frieda Goldman-Eisler, alifanya uchunguzi wa jambo hili London kwa miaka mingi, akatoa kitabu chake mwaka 1968. Alionyesha kuwa ulimi wenyewe, unapokuwa kazini, haubadili mwendo wake sana. Kinachobadilika zaidi ni vile vituo vya kimya. Mtu tumwitaye msemaji wa pole aghalabu ulimi wake si mvivu, ila yeye hutua mara nyingi zaidi, au hutua kwa muda mrefu zaidi. Na anayetua hufikiri. Basi kumwita mtu mjinga kwa sababu ya vituo vyake ni sawa na kumwita fundi mvivu kwa sababu amepima ubao kabla ya kuukata.

Lugha na lugha

Kila mtu asikiaye lugha asiyoijua huapa kuwa wenyewe husema mbio. Sababu yake si ngumu. Katika usemi hakuna nafasi kati ya neno na neno kama zilivyo nafasi kitabuni; sauti hufuatana kama maji ya mto. Aijuaye lugha huyakata maji hayo mwenyewe kwa akili yake; asiyeijua husikia mkondo mmoja tu usiokatika.

Hata hivyo, tofauti za kweli zipo. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2011, wasomaji wa Kijapani walitamka karibu silabi nane kwa sekunde, na wasomaji wa Kichina cha kaskazini walitamka silabi tano na kidogo. Je, Mjapani humaliza habari zake mapema kuliko Mchina? La. Silabi ya Kichina hubeba maana nyingi, na silabi ya Kijapani hubeba maana chache. Mwaka 2019 wataalamu walitoa hesabu ya lugha 17, zilizosomwa na watu 170, wakaona kuwa habari iliyopitishwa kwa sekunde moja ilikaribiana katika lugha zote, yapata biti 39. Biti ni kipimo cha habari: biti moja ni sawa na jibu la swali moja la ndiyo au siyo, ikiwa majibu yote mawili yaweza kutokea sawasawa. Lugha hizo ni kama wachukuzi wawili wa bandarini: mmoja huchukua mizigo midogo akikimbia, na mwenziwe huchukua mizigo mikubwa akitembea, na jioni ghala zote mbili zina shehena sawa.

Katika lugha hizo 17 Kiswahili hakikuwamo, wala hapakuwa na lugha hata moja ya asili ya Afrika. Vijana wetu wenye elimu wana shamba kubwa la kulima hapa. Lakini twaweza kukisia kuwa Kiswahili, chenye irabu tano tu na silabi nyepesi, ni ndugu wa yule mchukuzi akimbiaye.

Mahali na mahali

Sasa tutazame lugha moja isemwayo katika nchi mbalimbali. Kiholanzi husemwa Uholanzi na katika sehemu ya kaskazini ya Ubelgiji. Mwaka 2004 ulitolewa uchunguzi wa waalimu 160 wa lugha hiyo. Wa Uholanzi walitamka silabi 5.05 kwa sekunde, na wa Ubelgiji silabi 4.23. Marekani nako, uchunguzi wa mwaka 2009 ulilinganisha watu wa Wisconsin, upande wa kaskazini, na watu wa North Carolina, upande wa kusini. Wa kaskazini walisema upesi zaidi. Basi minong'ono ya watu juu ya jirani zao si uongo mtupu. Lakini tazameni udogo wa tofauti yenyewe: kwa Waholanzi na Wabelgiji haikufika hata silabi moja nzima kwa sekunde. Sikio huichukua tofauti ndogo likaikuza, kama kivuli cha jioni kimkuzavyo mtoto akawa jitu.

Na Kiswahili je? Kwa Kiswahili, mengi tuyaitayo haraka si haraka ya ulimi. Sababu zake nitazieleza moja moja.

Ya kwanza ni ufupisho. Mtu wa Unguja hasemi "nitakuja" katika mazungumzo yake ya kila siku, husema "n'takuja". Mahali pa "amekwisha kwenda" husema "keshakwenda". Silabi sita zimekuwa nne. Hamwiti "mwana wangu" ila "mwanangu", wala hasemi "mume wako" ila "mumeo". Aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu huko bara hutamka kila silabi kama ilivyoandikwa, na katika Kongo wengi husema "mutu" na "mutoto" kwa irabu iliyo wazi. Watu hao wawili wakisema jambo moja, wa Unguja atamaliza kwanza, ingawa ulimi wake haukukimbia. Njia yake ilikuwa fupi.

Ya pili ni ugeni wa sauti. Mtu wa Mombasa akisema Kimvita chake huita macho "mato", njia huiita "ndia", na "njoo" kwake ni "ndoo". Mtu wa Lamu husema "yana" na "moya" pale ambapo Unguja husema "jana" na "moja". Tena Kimvita hutenga paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi itokayo pamoja na ile p, na sikio la mgeni haliisikii pumzi hiyo. Mgeni hujikwaa katika neno moja, na wakati anapolitafuta maana yake, maneno matatu mengine yamekwisha kupita. Ndipo asemapo, "Watu hawa husema mbio." Kumbe aliyechelewa ni yeye.

Ya tatu ni mapigo ya lugha ya mama. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, wala hakitumii kupanda na kushuka kwa sauti kugeuza maana ya neno, kama zifanyavyo lugha nyingi za Kibantu. Tena lugha kama Kiganda, Kikikuyu na Kinyarwanda hutenga irabu fupi na irabu ndefu. Azaliwaye katika lugha hizo huchukua mapigo yake akaja nayo katika Kiswahili, kama mpiga ngoma achezaye ngoma ya ugenini kwa mkono wa kwao.

Ya nne ni adabu. Mwenyeji wa pwani huuliza hali, na habari za nyumbani, na za watoto, ndipo alitaje lililomleta. Hilo halihusu ulimi hata kidogo. Ni heshima, na asiyeijua huiita ukawiaji.

Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa, wakakubaliana kuwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu; na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki kuitunza kazi hiyo. Tangu hapo tahajia yetu imekuwa moja. Lakini kitabu chaweza kusawazisha maandishi, hakiwezi kusawazisha pumzi za watu. Wala si lazima kisawazishe.

Hatari ya silabi moja

Yuko atakayesema, "Ikiwa tofauti ni ndogo hivi, kuna dhara gani?" Dhara lipo, na limejificha katika umbo la Kiswahili chenyewe. Katika lugha yetu, kukubali na kukataa mara nyingi hutengwa na silabi moja ndogo isiyo na mkazo. "Umpe dawa hii" na "usimpe dawa hii" hutengwa na si peke yake. "Tutakuja" na "hatutakuja" hutengwa na ha. Mtoa dawa aliyechoka, mwenye watu wengi mlangoni, akiimeza silabi ile mbele ya mama aliyetoka mbali, mama huyo aweza kwenda nyumbani na amri iliyogeuka. Na kwa heshima yake hatauliza mara ya pili, atajibu "Ndiyo, bwana," na kuondoka.

Kwa hiyo, asemaye na watu wa mahali pengine na ashike mambo haya. Asizivute silabi kama mpira, maana neno lililovutwa huharibika mkazo wake. "Walakini" yenye mkazo katika la ni "lakini", na yenye mkazo katika ki ni kasoro. Bali aongeze vituo, navyo viwe mwisho wa kila wazo. Silabi za kukataa azitamke kwa nguvu. Hesabu, saa na majina ya mahali ayaseme mara mbili. Mwisho amwombe msikilizaji ayarudie maneno kwa kinywa chake mwenyewe, wala asiulize tu, "Umefahamu?"

Naye hakimu, au mwalimu, au mkuu yeyote asikilizaye watu, na ampe kila mmoja vituo vyake. Ushahidi upimwe kwa kulinganishwa na ushahidi mwingine, usipimwe kwa mwendo wa ulimi. Mkalimani naye apewe nafasi, maana hawezi kubeba sentensi tano kwa safari moja.

Asemaye katika redio ana mzigo mzito kupita wote. Msikilizaji wake haioni midomo yake wala mikono yake, wala hawezi kumwambia, "Hebu rudia, ndugu." Baharia anayesikiliza habari za upepo kabla ya kutweka tanga ana nafasi moja tu ya kulisikia neno. Asemaye naye na akumbuke kuwa anasema kwa wakati mmoja na mtu wa Lamu, na wa Tabora, na wa Bujumbura, kila mmoja na sikio lake.

Wahenga walisema kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nasi tuongeze kuwa yuko na mwenye kujikwaa sikio, naye huyo mara nyingi humlaumu msemaji. Basi ukikutana na mtu ambaye usemi wake wakuonea mbio au wakuonea pole, mpe dakika chache. Sikio hujifunza upesi kuliko ulimi, na baada ya kikombe kimoja cha kahawa utaona kuwa mnakwenda mwendo mmoja.