Pesa Huhama Kabla ya Mwenyewe

Novemba 2023 Jeff Bezos alitangaza kwamba anaondoka Seattle, mji alimokuzia Amazon na kuishi karibu miaka 30, na kuhamia Miami. Alitaja sababu mbili: kuwa karibu na wazazi wake, na kuwa karibu na kampuni yake ya roketi yenye shughuli Cape Canaveral. Miezi mitatu baadaye, Februari 2024, aliuza hisa milioni 50 za Amazon kwa takriban dola bilioni 8.5. Washington, jimbo alilolihama, lilikuwa linatoza asilimia 7 ya faida kubwa zitokanazo na kuuza hisa. Florida haitozi hata senti moja. Hisa za mwanzilishi humgharimu kidogo sana, kwa hiyo karibu fedha yote ile ni faida. Asilimia 7 yake ni dola milioni 595.

Kisa hicho hutajwa mara nyingi Marekani pale mtu anapopendekeza kuongeza kodi ya matajiri. Ujumbe wake ni mmoja: ukiwatoza, watahama. Ni hoja nzito na inastahili kupigiwa hesabu, maana hesabu yake haisemi kile ambacho wengi wanadhani inasema.

Kwanza, maelezo kwa msomaji aliyezoea kodi ya mapato kukusanywa na serikali moja tu. Ibara ya 209 ya Katiba ya Kenya inaiachia serikali ya kitaifa peke yake kodi ya mapato, na kaunti zinabaki na kodi za ardhi na burudani. Marekani mtu hulipa kodi ya serikali kuu, kisha jimbo lake nalo linadai ya kwake kwa kiwango lilichojipangia. California inafika asilimia 13.3 kwa kipato kinachozidi dola milioni 1. Majimbo tisa, yakiwemo Texas, Florida na Washington, hayakati mishahara kodi hiyo hata kidogo. Ni kana kwamba kuvuka kutoka Nairobi kuingia Kiambu kungekupunguzia shilingi 13 katika kila 100 ya juu ya kipato chako.

Kwa pengo kama hilo, mtu angetarajia msafara. Mwanasosholojia Cristobal Young na wenzake walipitia kumbukumbu za kodi za Marekani nzima kwa miaka 13, wakiwafuatilia wote walioingiza dola milioni 1 au zaidi kwa mwaka. Kati ya kaya kama 500,000 za namna hiyo, zilizohama jimbo katika mwaka mmoja zilikuwa kama 12,000 tu, yaani asilimia 2.4. Kwa wananchi wote kwa jumla kiwango kilikuwa asilimia 2.9, na kwa wenye kipato cha chini kabisa asilimia 4.5. Anayehama zaidi ni maskini anayetafuta kazi na pango nafuu. Mwenye milioni mara nyingi ni mtu wa makamo: mwenzi wake ana kazi hapo hapo, watoto wako shuleni, na wateja waliomtajirisha wako mtaa wa pili. Bezos wa 2023 alikuwa ameshaacha uongozi wa kila siku wa Amazon, na mtu wa aina hiyo ni nadra hata miongoni mwa matajiri.

Massachusetts ndiyo iliyoijaribu hoja hii kwa ujasiri zaidi. Novemba 2022 wapiga kura wake walikubali, kwa takriban asilimia 52, kuongeza asilimia 4 juu ya ile 5 ya kawaida kwa kila dola inayozidi milioni 1 ya kipato cha mwaka. Fedha hizo hazina ruhusa ya kwenda kokote ila elimu na usafiri. Bajeti ya kwanza ilipangia dola bilioni 1. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024 zikaja zaidi ya bilioni 2, na mwaka uliofuata karibu bilioni 3. Chakula cha bure kwa kila mwanafunzi wa shule za umma kikapata mfuko wa kukilipia.

Washington yenyewe, iliyompoteza Bezos, ilikusanya takriban dola milioni 786 katika mwaka wa kwanza wa kodi yake ya faida za hisa, kutoka kwa walipa kodi wasiofika 4,000 katika jimbo lenye watu karibu milioni 8. Mwaka wa pili makusanyo yalishuka hadi karibu milioni 430. Wapinzani wa kodi waliipenda takwimu hiyo, na ni kweli kodi ya namna hii hupanda na kushuka pamoja na soko la hisa. Waziri wa fedha anayeitegemea kwa mishahara ya kudumu anajitafutia matatizo. Hata hivyo, wananchi walipoulizwa Novemba 2024 kama ifutwe, asilimia 64 walisema ibaki.

Kwa hiyo miguu ya matajiri si tatizo kubwa. Tatizo liko kwenye makaratasi yao, na California ina ushahidi. Mwaka 2012 wapiga kura wake walipandisha viwango vya juu kwa hadi asilimia 3. Wachumi Joshua Rauh na Ryan Shyu walipochunguza yaliyofuata, walikuta kwamba karibu nusu ya fedha ya ziada iliyotarajiwa ilipotea katika mwaka wa kwanza. Takwimu hiyo hunukuliwa sana kama ushahidi wa matajiri kukimbia. Lakini ukisoma kazi yao hadi ndani, waliohama walichangia kama sehemu moja ya kumi tu ya upotevu huo. Sehemu kubwa ilitoka kwa watu waliobaki California, katika nyumba zile zile, ila kipato chao kilichotangazwa kikapungua.

Kipato kinapunguaje bila mtu kuhama? Mfano bora uko hadharani, kwenye jezi namba 17 ya Los Angeles Dodgers. Desemba 2023 Shohei Ohtani, mchezaji wa besiboli kutoka Japani, alisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 700. Mshahara wake wa kila mwaka, 2024 hadi 2033, ni milioni 2 tu. Zile milioni 680 zilizobaki atalipwa milioni 68 kwa mwaka, kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuipa klabu nafasi ya kusajili nyota wengine, na siioni sababu ya kulipinga hilo. Tena anayesubiri miaka kumi bila riba naye anapoteza.

Lakini tazama namba 10 inavyojirudia. Mwaka 1996 ilitiwa saini sheria ya Marekani nzima inayokataza jimbo kutoza kodi pensheni ya mtu ambaye haishi tena humo. Ilitungwa kwa huruma, kuwalinda wastaafu waliofanya kazi California wakahamia Nevada, huku barua za kodi zikiwafuata hadi kwenye viinua mgongo vyao. Ndani ya sheria hiyo kuna kifungu kinachoingiza pia mshahara ulioahirishwa, mradi ulipwe kwa mafungu yanayolingana kwa muda usiopungua miaka 10. Mafungu ya Ohtani ni kumi, yanalingana, na yanalipwa kwa miaka kumi.

Ikifika 2034 akiwa mkazi wa Florida, California haitakuwa na haki juu ya milioni zile 680, ingawa kila mpira uliozizalisha ulipigwa akiwa mchezaji wa Los Angeles. Kwa viwango vya 2024, asilimia 13.3 na asilimia 1.1 ya makato ya bima ya ulemavu, jimbo lingekosa kama dola milioni 98. Wastani wa mshahara wa mwalimu wa shule ya umma California ni takriban dola 100,000 kwa mwaka. Ni walimu elfu moja kasoro, mwaka mzima, kwa mkataba wa mtu mmoja. Mdhibiti wa fedha wa jimbo, Malia Cohen, aliliomba Bunge la nchi Januari 2024 liweke kikomo cha kiasi kinachoweza kuahirishwa namna hiyo. Aliomba kwa sababu jimbo lenyewe haliwezi kubadilisha sheria ya nchi.

Kinachoniuma ni jinsi majimbo hayo hayo yanavyojua kuhesabu yakitaka. Mchezaji wa timu ya Chicago akienda Los Angeles kwa mechi, California huhesabu siku alizokuwa kazini humo na kutoza kipande cha mshahara wake kinacholingana nazo. Tabia hiyo ilishika kasi baada ya fainali za mpira wa kikapu za 1991, Bulls ya Michael Jordan ilipoichapa Lakers, na Illinois ikajibu kwa sheria yake. Kijana wa mshahara wa kawaida katika ligi hutozwa kwa siku mbili alizolala hotelini. Milioni 680 zinapewa njia ya kutokea.

Nyumba, tofauti na mshahara, haiahirishwi wala haihami, na Rhode Island imeliona hilo. Bajeti yake iliyopitishwa Juni 2025 iliweka kodi, kuanzia Julai 2026, kwa nyumba za pili za thamani inayozidi dola milioni 1 ambazo hukaa tupu sehemu kubwa ya mwaka: dola 2.50 kwa kila dola 500 juu ya milioni ile ya kwanza. Magazeti yakaibatiza jina la Taylor Swift, aliyenunua jumba la Watch Hill mwaka 2013 kwa dola milioni 17.75. Kwa bei hiyo ya zamani, kodi ingekuwa dola 83,750 kwa mwaka. Jina la mwanamuziki liliipa kodi ndogo kelele kubwa, lakini muundo wake ni wa busara.

California nayo ililetewa mwishoni mwa 2025 pendekezo zito zaidi: mabilionea walipe mara moja asilimia 5 ya thamani ya mali yao. Chama cha wafanyakazi wa afya ndicho kilicholipeleka, na Gavana Gavin Newsom akalipinga. Mwenye dola bilioni 2 angetakiwa kutoa milioni 100. Waandishi wake waliweka ukazi wa Januari 1, 2026 kuwa kipimo, ili anayehama baadaye asiepuke. Naielewa hasira iliyolizaa, lakini naamini njia ya Massachusetts ni imara zaidi. Kipato cha mwaka kinahesabika, wakati hisa za kampuni isiyouzwa sokoni zitaleta kesi juu ya thamani yake kwa miaka mingi. Nako kuifunga njia ile ya kuahirisha mshahara, iliyofunguliwa na sheria ya 1996, kungelisaidia kila jimbo linalotoza mapato.

Huku tukimjadili Bezos na Ohtani, kuna upande wa hesabu unaosahaulika. Taasisi ya utafiti wa kodi ya ITEP ilipojumlisha mwaka 2024 kodi zote za majimbo na za mitaa, ilikuta kwamba Florida humchukulia maskini, yule wa tano ya chini, asilimia 13.2 ya kipato chake. Asilimia 1 ya juu kabisa hutoa 2.7. Washington ni 13.8 kwa maskini na 4.1 kwa tajiri. Wakongomani, Wakenya na Wanyarwanda wanaofika Marekani huambiana Texas au Florida ni nafuu kwa sababu "hakuna kodi". Kodi ipo. Iko kwenye risiti ya jaketi la baridi: Seattle kodi ya mauzo inazidi asilimia 10, kwa hiyo jaketi la dola 120 linaongezeka zaidi ya dola 12 pale kaunta. Iko kwenye pango, maana mwenye nyumba wa Houston anayelipa kodi nzito ya majengo huirudisha kwa mpangaji. Mfanyakazi wa ghala hana mshahara wa kuahirisha hadi 2034.

Washington ilianza mwaka 2023 kuwarudishia wenye kipato kidogo sehemu ya kodi hiyo ya mauzo: hadi dola 1,200 kwa familia yenye watoto watatu au zaidi, kiwango ambacho kimepanda tangu hapo. Hata anayewasilisha kodi kwa namba ya mlipa kodi ya ITIN, bila namba ya hifadhi ya jamii, anaruhusiwa kuomba, na miaka ya nyuma hudaiwa hadi mitatu. Fedha hiyo haiji yenyewe. Lazima fomu ijazwe.