Somo la Afya: Mkojo wa Usiku na Nguvu za Kiume

Leo wazee wavute viti karibu.

Yupo mzee katika kibanja chake. Usiku huamka mara nne kwenda kukojoa. Mkojo husitasita, kisha hudondoka. Tena kwa mkewe hana nguvu kama zamani. La kwanza husema ni uzee. La pili husema amerogwa, naye hulificha. Je, ni mambo mawili mbalimbali? Mara nyingi sivyo.

Sikilizeni sababu. Chini ya kibofu ipo tezi dume, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo. Mtu akipita miaka 50, aghalabu tezi hiyo hukua ikaubana mrija. Na misuli laini iliyo katika tezi na shingo ya kibofu ni ya namna moja na ile ya uume. Misuli hiyo ikilegea, mkojo hupita. Ya uume ikilegea, damu huingia, uume ukasimama. Ikikakamaa, au mishipa ya damu ikiharibiwa na kisukari, shinikizo la damu au tumbaku, shida hutokea pande zote mbili. Mwaka 2003 ulitangazwa uchunguzi wa maelfu ya wanaume wa miaka 50 hadi 80 wa Marekani na nchi 6 za Ulaya: kadiri shida ya mkojo ilivyozidi, ndivyo nguvu za kiume zilivyopungua, hata kwa watu wa umri mmoja.

Basi afanyeje? Jioni apunguze rubisi na kahawa. Asinunue mizizi ya gulioni kabla ya kupimwa. Aende zahanati, au hospitali ya Rubya, Ndolage au ya mkoa pale Bukoba, aseme yote mawili. Kwa nini yote? Kwa sababu ipo dawa inayosaidia yote mawili, na ipo ya tezi inayoweza kupunguza nguvu za kiume. Tena dawa ya nguvu ikichanganywa na baadhi ya dawa za moyo huweza kuua. Akiona damu, au mkojo ukiziba kabisa, aende siku ile ile.

Nanyi kina mama, msiwacheke, fuataneni nao. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Kwaherini.