Michoro ya Simu na Ardhi ya Mlinzi



Mgeni anayefika Kabatoro, wilayani Kasese, huona Ziwa Katwe ndani ya shimo la volkano, vidimbwi vya wavuna chumvi, na magofu ya kiwanda kilichoanza kujengwa katika miaka ya 1970, ambacho mabomba yake yaliliwa na maji hayo ya chumvi. Kwa ufundi wa leo, yawezekana mgeni huyo akainua simu na kukiona kiwanda hicho kwenye kioo chake kikiwa kizima, kana kwamba kinafanya kazi.

Ufundi huo huitwa uhalisia ulioongezwa. Simu hutambua mahali ilipo kwa mawimbi ya setilaiti, hujua imeelekezwa wapi, kisha huweka michoro juu ya sura inayoletwa na kamera. Uhalisia pepe ni jambo jingine: mtu huvaa miwani inayoziba macho, akaingizwa katika mandhari ya bandia kabisa.

Manufaa yake kwa elimu na utalii ni dhahiri. Lakini kwa askari liko swali la ulinzi: ni nani mwenye mamlaka juu ya michoro inayowekwa juu ya ardhi anayoilinda?

Kanada ilikutana na swali hilo mwaka 2016, ulipotoka mchezo wa simu uitwao Pokémon Go. Vituo vya mchezo huo vilikuwa vimewekwa hata ndani ya kambi za jeshi. Raia wakaingia humo wakiwinda wanyama wa kuchorwa, na polisi wa kijeshi wasiopungua 3 wakatumwa kuzunguka na simu na madaftari, wakivitafuta vituo hivyo. Basi anayeelekeza simu kwenye lango si lazima awe jasusi. Azuiwe, lakini ahojiwe kwa adabu kabla ya kuhukumiwa.

Fundisho la pili lamhusu askari mwenyewe. Simu haiwezi kuweka mchoro mahali pake bila kujua mwenyewe yuko wapi, na habari hiyo yaweza kufika mbali. Januari 2018 ilibainika kwamba ramani ya Strava, programu ya kupima mazoezi, ilionyesha njia walizokimbia wanajeshi katika kambi za nchi mbalimbali. Waliotoa siri hiyo ni wanajeshi wenyewe, bila kukusudia, kwa kuacha simu na saa zao zikirekodi kila mbio.

Tena, Kabatoro imezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Kiboko anayetoka majini usiku hasubiri kuchorwa kwenye kioo. Vifaa hivi na vipokewe kwa manufaa yake, lakini mlinzi aliye zamuni na aiangalie ardhi yenyewe.