Tangazo Lipi Liondolewe? Istilahi za Kuchuja Matangazo ya Biashara katika Vipindi Vilivyorekodiwa

Neno "tangazo" ni miongoni mwa maneno yaliyobebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili cha redio. Kutokana na kitenzi "tangaa", yaani kuenea na kujulikana kwa watu wengi, tumepata "tangaza", yaani kulifanya jambo litangae. Na kutokana na "tangaza" tumepata tangazo, mtangazaji na utangazaji. Mzizi wenyewe haubagui kinachotangazwa. Ndiyo maana yote yatokayo redioni huitwa matangazo. Habari ya msiba iliyoletwa na jamaa wa marehemu ni tangazo. Agizo la Mkuu wa Wilaya ni tangazo. Na sifa za sabuni ni tangazo vilevile.

Kwa muda mrefu jambo hili halikumtatiza msikilizaji, kwa kuwa muktadha ulimwonyesha ni tangazo la namna gani. Lakini sasa upo ufundi wa kuondoa matangazo ya biashara katika vipindi vilivyorekodiwa bila mtu kukaa na kukata kipande kimoja kimoja. Maelezo ya ufundi huo yanapotafsiriwa kwa Kiswahili, wingi wa maana za neno hili huacha kuwa utajiri na hugeuka kuwa hatari.

Kagondo ni jina linalopatikana katika Manispaa ya Bukoba na pia katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Tumfikirie mwalimu wa huko aliyerekodi kipindi cha saa moja kuhusu kilimo cha migomba, akitaka kukitumia darasani. Ndani yake mna matangazo ya simu, ya saruji na ya vinywaji. Mwalimu anapata programu ya kompyuta ya kuyaondoa, na kwenye kioo anasoma maneno haya: "Ondoa matangazo moja kwa moja." Maneno hayo manne ya mwisho yana mitego miwili. Kwanza, "matangazo" yepi? Pili, katika lugha ya redio "matangazo ya moja kwa moja" ni yale yanayosikika wakati uleule tukio linapotokea. Mtafsiri alikusudia kusema kwamba mtambo utafanya kazi wenyewe. Msomaji anaweza kuelewa kwamba kitakachoondolewa ni matangazo ya papo kwa papo, au kwamba yataondolewa yasirudi tena.

Namna mtambo unavyotambua

Ili tuchague istilahi zinazofaa, yatupasa tuelewe kwanza kazi yenyewe. Mtambo haujui biashara ni nini. Hutafuta dalili tu. Dalili ya kwanza ni kimya. Baina ya kipindi na tangazo mara nyingi huwapo kimya kifupi mno, na tangazo lenyewe kwa desturi huwa na urefu maalumu, kama vile sekunde 15, 30 au 60. Dalili ya pili ni ukubwa wa sauti. Matangazo mengi ya biashara hutayarishwa ili sauti yake ibaki juu tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali mazungumzo ya kawaida hupanda na kushuka.

Dalili ya tatu, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, ni marudio. Tangazo la biashara hurekodiwa mara moja na kupigwa mara nyingi bila kubadilika hata chembe. Mtambo hugawa sauti katika vipande vidogo, hupima katika kila kipande ni mawimbi yapi yenye nguvu kuliko mengine, kisha huandika vilele hivyo pamoja na nafasi za muda baina yao kwa namba. Namba hizo huhifadhiwa, na kila zinapoonekana tena katika rekodi nyingine mtambo hujua kwamba sauti ileile imerudi. Njia ya namna hii ilielezwa na Avery Wang mwaka 2003 kwa ajili ya kutambua nyimbo katika huduma ya Shazam.

Dalili ya nne hutokana na mazoezi. Kompyuta hupewa saa nyingi za rekodi ambazo watu wamekwisha kuzigawa katika mafungu, nayo hujifunza kutofautisha fungu moja na jingine. Mwaka 2018 Alexandre Storelli wa Ufaransa alitoa programu iitwayo Adblock Radio, iliyounganisha njia hii na ile ya marudio. Programu hiyo iligawa sauti za redio katika mafungu matatu: matangazo ya biashara, mazungumzo na muziki.

Mafungu hayo hayalingani na hali ya redio zetu. Zamani Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Idhaa ya Biashara kando ya Idhaa ya Taifa, hivyo neno "biashara" lilikuwamo katika jina la idhaa yenyewe. Baada ya Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 kufungua mlango kwa stesheni za binafsi, mikoa nayo ilipata redio zake. Kagera ilipata, miongoni mwa nyingine, Radio Kwizera ya Ngara iliyoanza mwaka 1995, na Kasibante FM ya Bukoba. Katika redio ya namna hiyo tangazo la duka, la msiba na la chanjo huweza kufuatana katika dakika tano za stesheni ileile.

Malipo si kipimo

Wako wanaodhani kwamba tofauti ni rahisi: lililolipiwa ni la biashara, lisilolipiwa si la biashara. Kipimo hiki hakitoshi. Tangazo la kifo kwa kawaida hulipiwa, na hurudiwa ili ndugu walio mbali wapate kufika maziko. Lakini hakuna mtu atakayeliita biashara. Kiswahili kina neno lake, "tanzia", ambalo magazeti hulitumia sana na ambalo redio zingefaa kulitumia vilevile.

Hali kadhalika matangazo ya afya. Mwezi Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, katika Wilaya ya Bukoba. Maonyo ya wakati kama huo hutayarishwa studioni, huwekewa muziki, huwa mafupi, na hurudiwa kutwa. Kwa dalili zote tulizozitaja, mtambo utayahesabu kuwa sawa na matangazo ya sabuni. Mtu aliyerekodi redio ya siku hiyo ili aisikilize jioni atapata kipindi safi, lakini hatapata onyo. Na mtafiti atakayekuja miaka ishirini baadaye kuchunguza namna wananchi walivyoarifiwa atakuta pengo.

Kwa upande mwingine yapo maneno ya biashara ambayo mtambo huyaacha. Mtangazaji anaposema, "Kipindi hiki kimeletwa kwenu na...", kisha akamsifu mdhamini kwa sauti yake mwenyewe katikati ya mazungumzo, hakuna kimya wala marudio kamili. Kwa hiyo makosa ni ya aina mbili, na uzito wake haulingani. Kuacha tangazo la saruji ndani ya rekodi kunampotezea mwalimu wetu nusu dakika. Kuondoa tanzia kunaweza kumkosesha mtu maziko ya mzazi wake. Kipimo kinachofaa, basi, ni kusudi la ujumbe wala si malipo yake.

Istilahi zinazopendekezwa

Tangazo la biashara: ujumbe unaokusudiwa kumvutia msikilizaji anunue bidhaa au huduma. Neno "tangazo" lisisimame peke yake katika maelezo ya ufundi huu.

Tanzia: tangazo la kifo pamoja na taarifa za maziko.

Tangazo la umma: ujumbe wa mamlaka au taasisi kuhusu afya, usalama au wajibu wa raia, hata ukiwa umelipiwa.

Tamko la udhamini: maneno ya kumtaja aliyegharimia kipindi.

Uchujaji wa kujiendesha: kazi ya kutenga sehemu za rekodi inayofanywa na mtambo wenyewe. Wanaopenda "kiotomatiki" hawakosei. "Moja kwa moja" kuepukwe kwa sababu tuliyoieleza.

Alama ya utambuzi wa sauti: namba zinazohifadhiwa ili sauti ileile itambulikane inaporudi.

Kosa la kuondoa na kosa la kuacha: la kwanza ni kutoa kisichostahili kutolewa, la pili ni kubakiza kilichostahili kutolewa.

Vitenzi navyo vitofautishwe. "Kuweka alama" ni kuonyesha mahali tangazo lilipo bila kuligusa. "Kuruka" ni kulipita wakati wa kusikiliza, rekodi ikibaki kamili. "Kunyamazisha" ni kuzima sauti yake huku urefu wa rekodi ukibaki uleule. "Kuondoa" ni kulikata kabisa. Mtafsiri anayeandika "ondoa" mahali pa "ruka" amemwambia msomaji afute asichoweza kukirudisha.

Kwa hiyo maneno yaliyomkabili mwalimu wa Kagondo yangefaa kusomeka hivi: "Weka alama kwenye matangazo ya biashara", na chini yake: "Ondoa yaliyowekewa alama". Katikati ya hatua hizo mbili mtu hupata nafasi ya kusikiliza na kuamua mwenyewe. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mtambo husikia mlio tu. Kulijua jambo ni kazi ya mtu, na maneno tunayomwandikia yasimnyime nafasi hiyo.

Maoni ya watafsiri, walimu na watumishi wa Serikali juu ya mapendekezo haya yanakaribishwa, hasa kutoka kwa wale wanaofanya kazi katika redio za mikoani.