Fimbo Haifundishi: Somo la Farasi kwa Maksai wa Malava na Punda Wetu

Ukishika barabara ya Kakamega kwenda Webuye ukafika Malava, utaona miwa, mahindi, msitu na pikipiki za boda boda. Farasi hutamwona. Kwa hivyo msomaji akiuliza mafunzo ya farasi wa michezo yanaihusu nini Malava, swali lake ni la haki. Jibu ni kwamba huko kuna mnyama mwingine anayefundishwa kazi: maksai wa kukokota plau. Nasi wa Pwani tunaye punda. Kanuni ya kuwafundisha wote watatu ni moja, na tukiikosea hawaumii wanyama peke yao.

Tuanze na farasi, maana mafunzo yake yameandikwa na kuchunguzwa kwa karne nyingi. Kuna michezo miwili mikubwa ambayo imo katika Olimpiki tangu Stockholm, mwaka 1912. Wa kwanza ni dresaji. Farasi na mpandaji huingia katika uwanja wa mita 60 kwa 20, wakafanya hatua zilizopangwa: kutembea, kukimbia polepole, kwenda shoti, kugeuka, kusimama wima. Waamuzi hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila hatua. Kinachotafutwa ni utulivu. Mtazamaji asione mpandaji akifanya kazi yoyote, ingawa anaifanya kila sekunde.

Wa pili ni kuruka viunzi. Farasi akiangusha kiunzi anapata makosa 4. Mpandaji akianguka wametoka mchezoni. Katika mashindano makubwa kiunzi hufika mita 1.60, kimo kinachowapita wengi wetu hadi mabegani. Hapa Kenya michezo hii iko zaidi Nairobi na vitongoji vyake kama Karen, ikisimamiwa na chama cha Horse Society of Kenya. Wengi huihesabu kuwa michezo ya wenye fedha, na hawakosei sana.

Lakini fedha si sababu pekee ya farasi kutoenea nchini. Sababu nyingine ni wadudu. Kuna ugonjwa wa virusi unaoitwa tauni ya farasi wa Afrika, ambao huenezwa na usubi, vile vijidudu vidogo vinavyouma kuanzia machweo hadi alfajiri. Farasi akiupata mara nyingi hufa, ilhali pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuugua, na punda wa Afrika huhimili zaidi. Ndiyo maana wenye farasi huwachanja na kuwafungia zizini usiku. Ongeza mbung'o na ugonjwa wa nagana, utaelewa kwa nini mkulima wa magharibi alimchagua ng'ombe, na kwa nini Pwani farasi alibaki mnyama wa majumba ya watawala huku punda akibeba mizigo ya mji. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye akajulikana kama Emily Ruete, alisimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofundishwa kupanda wakiwa wadogo. Wavulana walipewa farasi, na wasichana wakapewa punda wakubwa weupe wa Maskati.

Sasa farasi hufundishwaje? Watu wengi hudhani ni kwa fimbo na sukari: akikosea apigwe, akipatia apewe kitamu. Ukweli ni mwepesi zaidi, ila unahitaji subira. Mpandaji humgusa farasi ubavuni kwa mguu. Farasi hajui maana yake, hujaribu hili na lile. Mara tu anapopiga hatua mbele, mguu hulegea. Farasi akaelewa: nikisogea, usumbufu unaisha. Yaani mnyama hafundishwi na shinikizo lenyewe. Hufundishwa na kule kuondolewa kwake, tena papo hapo. Ukichelewa, atalihusisha lile tulizo na jambo jingine alilokuwa akilifanya wakati huo. Na usipolegeza kabisa, atajifunza kwamba hata akitii haipati raha, kwa hivyo ataacha kusikiliza. Huyo ndiye anayeitwa mkaidi.

Mambo huenda hatua kwa hatua. Kwanza farasi hufundishwa chini, akizunguka kwa kamba ndefu, azoee sauti. Kisha matandiko bila mtu. Kisha mtu mwepesi, dakika chache. Baada ya hapo ni kutembea kwa mwendo usiobadilika, kwenda sawasawa, kuzunguka duara la mita 20, kusimama na kuondoka. Anayeandaliwa kuruka haanzi na kiunzi. Huanza na mti uliolazwa ardhini, auvuke akitembea, kisha akikimbia. Baadaye miti miwili iliyopishana kimo cha goti. Hatua moja ya farasi anapokwenda shoti ni kama mita tatu na nusu, na mwalimu huipanga miti kwa kuhesabu hatua hizo ili farasi afike mahali pa kurukia bila kubabaika. Akianza kukataa, kiunzi hushushwa. Anayekipandisha kwa hasira hufundisha woga.

Methali yasema samaki mkunje angali mbichi. Kwa farasi methali hii ina mpaka. Hupandwa akiwa na miaka mitatu au minne, lakini mifupa ya mgongo haijakomaa mpaka apite miaka mitano. Anayeharakisha hupata mnyama mtiifu wa miaka miwili, na kilema wa miaka kumi.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mpandaji hufundishwa kwanza. Mwanafunzi huwekwa juu ya farasi mzoefu anayeshikwa kamba na mwalimu, asishike hatamu, wakati mwingine hata vikuku vya miguu viondolewe. Lengo ni ajue kukaa bila kujishikiza. Hatamu imefungwa kwenye lijamu, na lijamu imo mdomoni mwa mnyama. Mtu asiyejiweza kwenye tandiko huning'inia kwenye mdomo huo kila anapoyumba. Mgiriki Xenophon aliliandika hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: anachokifanya farasi kwa kulazimishwa, bila kuelewa, hakiwezi kuwa kizuri.

Turudi Malava. Maksai wawili wa kimo kimoja hufungwa nira. Nao wana ngazi zao: kuzoea kamba na mkono wa mtu, kuvaa nira bila mzigo, kuvuta gogo jepesi, ndipo plau. Njia iliyo bora ni kumfunga ndama mkubwa pamoja na maksai mzoefu, amfuate. Amri ziwe chache, neno moja kwa kila jambo, na watu wote wa nyumbani watumie neno hilo hilo. Baba akisema hivi na mwana akasema vile, mnyama atasimama, kisha atapigwa kwa kosa lisilo lake.

Na hapa ndipo binadamu anapoumia. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, maksai wasiofundishwa vizuri huhitaji watu wawili au watatu: mmoja nyuma ameshika plau, mwingine pembeni na kiboko, na mtoto mbele akiwavuta kwa kamba. Kulima hufanyika asubuhi, kabla ya jua kali, miezi ya Februari na Machi. Saa hizo na miezi hiyo ndizo za darasani, katika muhula wa kwanza. Jozi iliyofundishwa kufuata sauti hulimwa na mtu mmoja. Kwa hivyo mafunzo ya maksai ni hesabu ya siku ambazo mtoto atakuwa shuleni, si jambo la huruma kwa mnyama tu.

Nasi Pwani tujitazame. Lamu punda ndiye lori la mji, na tangu mwaka 1987 kumekuwa na zahanati ya Donkey Sanctuary inayowatibu. Lakini dawa ya kidonda haiondoi fimbo iliyokileta. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumbebesha kupita kiasi. Wengi wetu hatuikumbuki mpaka askari aulize. Tunapenda kusema asante ya punda ni mateke, ila punda mwenye mateke mara nyingi amefundishwa hivyo: kila alipotulia aliendelea kupigwa, na alipopiga teke watu walimwacha. Tulimpa tulizo wakati usiofaa, akashika somo.

Ndugu msomaji, kama una punda, au ndugu zako wa Malava wana maksai, mambo ni manne. Omba kwa wepesi kabla ya kuomba kwa nguvu. Legeza mara tu mnyama anapojibu. Tumia neno lile lile kila siku. Na acha mazoezi akiwa amefanya vizuri, hata kama ni nusu saa tu, badala ya kumchosha mpaka akukatae. Anayelima Machi aanze mazoezi hayo mwezi wa Desemba, wakati shamba halina haraka na watoto wako likizo. Shule zikifunguliwa Januari, maksai wawe wameshajua njia yao, na mtoto naye aende yake.