Taa za Rumonge na Chanja za Mvugo

Usiku wa kiza, Ziwa Tanganyika mbele ya Rumonge, Burundi, hung'aa kama mji. Ni wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa hili. Mitumbwi hufungwa pamoja kwa miti, wavu mpana ukashushwa katikati, taa zikaning'inizwa juu ya maji. Ndagala hufuata mwanga, wavu hupandishwa kutoka chini. Samaki mukeke naye huja, kwa kuwa ndagala ndiyo chakula chake.

Tumezoea kusema kwamba chombo hakina kosa, kosa ni la anayekitumia. Taa hizi zinanifanya nikatae.

Wazee walivua kwa mienge ya moto. Miaka ya 1950 zikaja karabai, mitumbwi pacha na nyavu za kuzungushia za Wagiriki wa Bujumbura, iliyoitwa Usumbura wakati huo. Vikafuata vyombo vya kuvulia vilivyoitwa Apolo, vyenye wavu mkubwa na taa nyingi zaidi. Sasa kuna taa za LED za betri na sola. Kila hatua ilikuwa na sababu njema, maana mvuvi ana watoto wa kulisha. Lakini ndagala huelekea kwenye mwanga uliozidi. Jirani akiwasha taa nne nawe una mbili, utaongeza. Naye ataongeza. Mwisho wa yote kila mmoja ana gharama mpya, na samaki wanaogombewa ni walewale. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Mashindano ya taa yaliamua.

Mwanafalsafa Ivan Illich, katika kitabu chake Tools for Conviviality cha 1973, alieleza kwamba chombo humsaidia mtu hadi kiwango fulani. Kikipita hapo huanza kuzuia lile lile kilichoundiwa. Alikuwa akifikiria magari, shule na hospitali. Angefika ziwani asingehitaji mfano mwingine.

Taa si mkosaji peke yake. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, lakini oksijeni iko tabaka la juu tu, na rutuba iliyozama hurudishwa juu na pepo za kusini za Mei hadi Septemba. Maji ya juu yakipata joto, mchanganyiko huo hudhoofika. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya ziwani, msingi wa chakula cha samaki, umepungua kwa karibu asilimia 20. Ndiyo sababu kugombania kilichobaki kunauma zaidi.

Zamani mwezi ulikuwa mwamuzi. Kwenye mbalamwezi taa hukosa nguvu, mitumbwi ikapumzika siku kadhaa, nyavu zikashonwa, samaki wakapata nafasi. Taa kali zinaweza kuyamega mapumziko hayo. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi nne za ziwani. Sheria imelazimika kuingia pale mwezi ulipokuwa unatosha.

Sasa tazama chombo cha aina nyingine, huko Mvugo, Nyanza-Lac, Burundi. Wanawake walianika ndagala mchangani. Mvua ikinyesha, mali inaoza. Kuanzia 2004, kwa msaada wa FAO, zikaenezwa chanja za wavu wa waya zilizoinuliwa kutoka ardhini. Hewa hupita chini, samaki hukauka upesi na safi. Hapa kuna tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote: chanja ya jirani hainipunguzii kitu. Kadiri zinavyoongezeka, samaki wale wale wanawalisha watu wengi zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kukipokea chombo, tuulize itakuwaje kila mtu akiwa nacho.

Sisemi turudi kwenye karabai. LED haina moshi, na haili mafuta ya taa. Hatari ni pale akiba ya mafuta inapogeuzwa kuwa taa nyingine mbili. Idadi ya taa kwa kila mtumbwi ikubaliwe ufukweni, na wenye mitumbwi, vibarua na wanawake wanaonunua wakiwa pamoja, Rumonge, Nyanza-Lac, Kigoma ya Tanzania na Uvira ya Kongo kwa kipimo kimoja. Mwenye mitumbwi mingi huenda akapinga. Aalikwe kikao cha kwanza.