Sura ya 7: Mguu Unapokataa

Mwaka 2011 Ryan Hall wa Marekani alimaliza marathoni ya Boston kwa saa 2:04:58. Hadi wakati huo hakuna Mmarekani aliyekuwa amewahi kwenda kasi hiyo, ingawa muda wenyewe haukuhesabiwa rekodi kwa kuwa njia ya Boston inateremka mno. Januari 2016, akiwa na miaka 33, alistaafu. Uchovu ulikuwa hauishi na homoni yake ya testosteroni ilikuwa chini.

Ili kuelewa uchovu wa namna hiyo, anza na zoezi lenyewe. Kila zoezi gumu huchana misuli kidogo na kupunguza akiba yake ya sukari. Ukilala na kula vizuri, mwili hujikarabati na kuongeza nguvu kidogo juu ya ile ya jana. Zoezi jingine likija kabla ukarabati haujaisha, deni hulimbikizwa. Makocha hufanya hivyo makusudi kambini, kisha hupunguza mazoezi na mwanariadha hurudi na kasi mpya. Tatizo ni kwamba uchovu wenye faida na ule unaoharibu huanza sawasawa. Wa kwanza huisha kwa siku chache, wa pili hudumu miezi, pengine miaka.

Mtazame aliyevuka mpaka. Kilomita aliyoipita kwa dakika 4 huku akipiga soga sasa inamtoa jasho. Usiku amechoka hoi, lakini usingizi hauji. Chakula hakimvutii, na neno dogo la mwenzake linamkera. Saa inapomwonyesha amepungua kasi, anahisi amezembea, basi anaongeza kilomita. Hapo ndipo wengi huangamia, na wenye bidii kuliko wote ndio hutangulia.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha uchovu huu unaoharibu. Daktari huhakikisha kwanza kwamba tatizo si malaria, upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo wala ulaji usiolingana na mazoezi. Kuna pia aliyekinai mchezo: mwili mzima, hamu hakuna. Huyo akipumzishwa mwezi akarudishwa kwenye shinikizo lile lile, hajatibiwa.

Kinga ni kupanga mapumziko. Kule Kaptagat, Kenya, kundi la mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang huweka kazi nzito Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku za katikati bingwa huyo wa zamani wa Olimpiki hukimbia taratibu, na hakuna anayemwona mvivu.